MAHALI PA KUUTAZAMIA MLIMA



Katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, wenzetu wameandika habari za mahindi na viazi, za chai na maparachichi, za mbolea iliyochelewa na za deni ambalo hatimaye lililipwa. Hesabu zimo na picha za wajumbe zimo. Sisi tulipewa kurasa chache zilizosalia tuzijaze kwa historia, na baada ya kushauriana tumeamua kuandika habari za mlima ambao hauonekani kutoka Njombe wala Makambako, wala hautaonekana kamwe. Mwenye haraka ya kujua bei za msimu na ageuze ukurasa, hatutamwonea vibaya.

Mlima huo ni Kilimanjaro. Hakuna mwanachama asiyeujua kwa sura, maana umo katika Nembo ya Taifa: mwanamume na mwanamke wamesimama juu yake, na miguuni pao yamechorwa mazao, mkarafuu na mpamba, kuwa ishara ya ushirika. Kwa hiyo kila barua ya serikali iliyoifikia ofisi yetu imekuja na mlima kichwani pake. Lakini kuujua mlima kwa karatasi ni jambo moja, na kusimama mahali ukauona ni jambo jingine. Historia ya mahali hapo pa kusimama ndiyo tutakayoisimulia, kwa sababu inawahusu wakulima wa ushirika zaidi ya watu wengi wanavyodhani, na inawahusu watu wa Njombe kwa namna ambayo haikuandikwa mara nyingi.

Kwanza tuondoe shaka ya wale wanaouliza kila mwaka kama kutoka kilima kirefu cha Njombe, siku isiyo na wingu, Kibo haiwezi kuonekana japo kama punje ya chumvi. Haiwezi. Sababu yake si ubovu wa macho wala moshi wa nyasi, ni mviringo wa dunia. Mtu aliyesimama Kibo, meta 5,895 juu ya bahari, huona upeo wa dunia ulio mbali naye kama kilometa 275. Mtu wa Njombe, aliye karibu na meta 2,000, upeo wake uko kama kilometa 160. Jumlisha, upate kama 435. Hewa huupinda mwanga kidogo na kuongeza makumi machache. Lakini kutoka Njombe mpaka Kibo, kwa mstari wa ndege, ni kama kilometa 750, na kutoka Makambako ni kama 700. Kati yetu na mlima ule imevimba dunia yenyewe.

Watu wa pwani walikuwa karibu zaidi, na misafara yao ilipanda bara kila mwaka. Ndio waliotumia jina hili la Kilimanjaro. Wachaga wenyewe, waliokaa ubavuni mwake, walikuwa na jina la Kibo na jina la Mawenzi, vile vilele viwili, na hadithi ya jinsi Mawenzi alivyopigwa na Kibo kwa kuomba moto mara kwa mara mpaka kichwa chake kikabaki kimepasuka-pasuka. Mlima mzima kwa jina moja hawakuwa nao. Tumelifikiri sana jambo hili. Aliye karibu huona mto wake, msitu wake, kihamba chake, na juu yake kilele. Anayeuona mlima wote kwa mkupuo mmoja ni yule aliye mbali, na huyo ndiye mwenye haja ya jina moja la kuuitia.

Habari za mlima huo zilikuwa zimekwisha kufika Ulaya zamani sana. Mwaka 1519 Mhispania Fernández de Enciso aliandika juu ya mlima mrefu ulio magharibi ya Mombasa. Lakini aliyeandika kuwa ameuona kwa macho yake ni mmisionari Johannes Rebmann, aliyetoka Rabai, akauona tarehe 11 Mei 1848 akiwa safarini kwenda Uchagani. Aliona kitu cheupe juu. Mwongozaji wake alikieleza kitu hicho kwa neno moja tu: baridi. Rebmann akatambua kuwa ni theluji. Mwenzake Krapf aliuona naye mwaka 1849, na tarehe 3 Desemba mwaka huo huo, akiwa Ukambani, akauona Mlima Kenya pia.

London hawakukubali. Palikuwapo bwana mmoja mwenye elimu ya jiografia, William Desborough Cooley, ambaye hakupata kuzikanyaga nchi hizi, naye alishikilia kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na mstari wa Ikweta, na kwamba Rebmann alidanganywa na macho yake. Ubishi ukaendelea miaka mingi. Mwaka 1861 Baron von der Decken alikwenda pamoja na Thornton, mwanajiolojia, wakaupima mlima. Mwaka uliofuata von der Decken alirudi na Otto Kersten, wakapanda zaidi ya meta 4,000, theluji ikawaangukia vichwani. Hata hapo Cooley hakuona sababu ya kubadili maneno yake. Tunawakumbusha wajumbe wetu habari hii, maana hata katika mikutano ya ushirika hawakosi watu wanaojua hali ya ghala bila kufika ghalani.

Sasa tuje mjini, maana mada yetu ni miji.

Mji wa Moshi haukuanza pale ulipo. Wadachi waliweka boma lao Old Moshi, juu, mlimani penyewe, katika nchi ya Mangi Meli, ambaye walimnyonga huko huko mwaka 1900. Mtu aliyekaa huko alikuwa juu ya mlima, na kwa sababu hiyo hakuuona vizuri. Mabega ya mlima na msitu wake husimama mbele ya kilele, kama vile mtoto aliyebebwa mgongoni asivyoona uso wa mama yake. Mwaka 1911 reli kutoka Tanga ilifika, nayo haikuweza kupanda. Ikaishia chini, tambarare, na mji mpya ukamea kandokando ya stesheni. Hivyo mji ulishuka kwa ajili ya gari la moshi, na kwa kushuka huko ukapata kitu ambacho hakuna aliyekikusudia: ukasimama kama kilometa 30 kutoka Kibo, na kilele kikapanda juu yake zaidi ya meta 5,000 pasipo kitu cha kukizuia. Ni miji michache duniani iliyopewa baraza kama hiyo.

Lakini mji ukikua hujiziba wenyewe macho. Nyumba ya ghorofa moja huficha Kibo kwa mtu aliye upande wa pili wa barabara. Mwembe uliokomaa hufanya kazi hiyo hiyo. Kwa hiyo, tangu siku za kwanza, mtu wa Moshi aliyetaka kuuona mlima wote, kuanzia msitu mpaka barafu, alipaswa kutafuta moja ya mambo mawili: uwanja mpana au paa refu. Viwanja vilikuwapo kwa sababu nyingine kabisa. Stesheni ilihitaji nafasi ya njia za reli. Ndege zilihitaji mahali pa kutua. Wachezaji wa kandanda walihitaji goli mbili na nafasi katikati yake. Wala hapana aliyetenga uwanja mjini kwa ajili ya kuutazamia mlima. Mlima ulijipenyeza katika nafasi zilizoachwa kwa shughuli za watu wengi. Na mojawapo ya viwanja hivyo, msomaji atafurahi kusikia, huitwa Uwanja wa Ushirika.

Habari za paa ni ndefu kidogo. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianza chama chao mwaka 1925, nacho kiliitwa Kilimanjaro Native Planters' Association, Joseph Merinyo akiwa rais wake. Hakikuwa na raha. Walowezi hawakupenda kuona Mwafrika akilima kahawa na kuiuza mwenyewe, na chama kikaingia katika matata ya fedha na ya uongozi. Baada ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 1932, kikazaliwa kingine mwaka 1933, Kilimanjaro Native Co-operative Union, ambacho watu wote hukiita KNCU. Sote tulio katika vyama vikuu vya nchi hii ni wadogo zake, tukipenda tusipende. Nacho kwa fedha za kahawa kilijenga jengo la ghorofa katikati ya mji, karibu na mnara wa saa. Humo zilikuwamo ofisi, na juu kabisa palikuwa na nyumba ya wageni iliyoitwa Coffee Tree, ambapo mgeni aliweza kunywa chai huku Kibo iko mbele yake kaskazini, na upande wa magharibi, hewa ikiwa safi, Mlima Meru.

Hapo ndipo watu wa Njombe wanapoingia katika hadithi, ila si kwa mara ya kwanza.

Tulisema kwamba jambo moja halikuandikwa mara nyingi. Ni hili. Katika miaka ya ukoloni wilaya ya Njombe ilikuwa ghala la nguvukazi kwa mashamba ya katani. Tangu mwaka 1944 wakala wa SILABU waliandika vijana kwetu kwa maelfu, Wabena, Wakinga, Wapangwa, wakawapeleka wakiwa manamba, kila mtu na namba yake na kipande chake cha kazi cha siku thelathini. Nchi yetu ilikuwa na ardhi na mvua, lakini haikuwa na zao la kulipia kodi. Hata wakati miti ya miwati ilipoanza kupandwa na kampuni kuanzia mwaka 1949, wengi waliendelea kwenda. Wengi wao walikwenda Tanga na Morogoro. Baadhi walisogezwa mbele zaidi, mpaka mashamba ya tambarare za Moshi. Walisafiri kwa lori na kwa gari la moshi kwa zamu; Reli ya Kati na ile ya Tanga hazikuungana mpaka mwaka 1963, kwa hiyo katikati palikuwa na safari nyingine ya lori.

Katika miaka ya mwanzo ya Chama chetu tulituma ujumbe Moshi kujifunza utunzaji wa hesabu na stakabadhi za ghala. Moshi ndiko kiliko Chuo cha Ushirika, kilichoanzishwa mwaka 1963, ambacho tangu mwaka 2014 ni Chuo Kikuu cha Ushirika. Miongoni mwetu alikuwamo mzee mmoja mjumbe wa bodi, ambaye hatutamtaja jina kwa kuwa hapendi kutajwa. Sisi vijana wa ujumbe huo tulikuwa na hamu kubwa ya kuuona mlima, na kwa siku tatu hatukuona kitu. Tulitoka darasani adhuhuri, tukatazama kaskazini, tukaona mawingu kama pamba iliyorundikwa. Wenyeji walituchekea. Wakatuambia kuwa tunatafuta mahali, ilhali inatupasa kutafuta saa.

Walikuwa na haki. Asubuhi na mapema hewa ya tambarare ni baridi na imetulia, na mlima u wazi. Jua likipanda, ardhi hupata moto, hewa yenye unyevu wa mashamba na msitu huanza kuupanda mlima, nayo ikifika juu hupoa na kuwa wingu. Ifikapo saa tatu au saa nne asubuhi kilele kimekwisha kujifunika. Jioni, jua likikaribia kutua, mara nyingine hufunuka tena. Januari na Februari ni miezi mizuri. Wakati wa masika mtu aweza kukaa wiki nzima asijue kuwa kuna mlima.

Siku ya nne tulipanda juu ya paa la jengo moja saa kumi na mbili kasorobo, kabla ya mwadhini wa pili wa jogoo, kama wasemavyo kwetu. Kibo ilikuwa nyeusi kwanza, kisha ya kijivu, kisha ile barafu ikashika rangi ya waridi upande wa mashariki. Sisi tulitoa simu zetu. Mzee alisimama kimya, kofia mkononi, kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Kumbe ni huu."

Tukamwuliza, "Mzee wetu, uliwahi kuuona?"

Akatueleza kwamba mwaka 1959, akiwa kijana, alikata katani miezi tisa katika shamba lililo tambarare kusini ya Moshi. Kila asubuhi walipokwenda kwenye mistari, mlima ulikuwa mbele yao. Hawakuuliza jina lake. Walikuwa wakiutumia kama saa: ukijifunika kabla hawajafika nusu ya mafungu yao, walijua kwamba siku hiyo kipande hakitatiwa alama, na siku isiyotiwa alama haikuhesabiwa katika thelathini. Kwa hiyo kijana yule aliuchukia mlima, alisema, maana ulijifunika mapema mno. Aliporudi Njombe na kuona picha yake shuleni kwa watoto wake, mlima mzuri wenye theluji, haukumjia akilini kuwa ni kitu kile kile.

"Kule chini," akasema, "nilikuwa nautazama kutoka shamba la mtu. Leo nautazama nikiwa juu ya nyumba."

Hatukumjibu neno. Tunaiandika habari hiyo hapa kwa sababu wale waliokwenda wamebaki wachache, na katika vitabu vya mlima ule utakuta majina ya Wazungu waliouona na waliopanda, tangu Rebmann mpaka Hans Meyer aliyefika kileleni mwaka 1889, wala hutakuta manamba hata mmoja, ingawa waliutazama kila siku ya kazi, mwezi baada ya mwezi, kwa uangalifu ambao hakuna msafiri aliyeufikia.

Tukiacha Moshi, mji mwingine mkubwa uliojipatia desturi ya kuutafuta mlima ni Nairobi. Uko kama kilometa 200 kutoka Kibo, nao umeinuka zaidi ya meta 1,600, kwa hiyo mviringo wa dunia hauuzuii. Vilima vya Ngong, nyanda za juu za Upper Hill, na maghorofa marefu kama lile jumba la mikutano la Kenyatta lililofunguliwa mwaka 1973, ndizo sehemu ambazo watu hupanda alfajiri wakatazama kusini juu ya tambarare za Athi. Upande wa pili, kaskazini, kama kilometa 140, uko Mlima Kenya. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, magari yalipopungua barabarani na hewa ikasafika, picha za Mlima Kenya zilizopigwa kutoka Nairobi zilienea kila mahali. Na mara watu wakatokea waliosema kuwa picha zile ni za uongo, kwamba mlima ule hauwezi kuonekana kutoka mjini. Wengine walikuwa wamezaliwa Nairobi. Tuliposoma habari zile tulimkumbuka bwana Cooley, miaka zaidi ya 170 baadaye. Ila safari hii aliyeficha mlima hakuwa umbali, alikuwa moshi wa mji wenyewe.

Wajapani wamelifikiria jambo hili kuliko sisi. Katika Tokyo, kama kilometa 100 kutoka Mlima Fuji wenye meta 3,776, kuna miteremko mingi ya barabara inayoitwa Fujimizaka, yaani mteremko wa kuionea Fuji. Majina hayo yalitolewa wakati nyumba zilikuwa fupi. Leo karibu yote ni majina matupu. Mteremko wa mtaa wa Nippori ulikuwa miongoni mwa ya mwisho kubakiwa na mlima wake, na wakazi wake walipigania muda mrefu usizibwe. Mwaka 2013 jengo la ghorofa likaufunika. Mwenye jengo hakuvunja mpaka wa kiwanja cha mtu. Alijenga katika ardhi yake. Kilichochukuliwa hakikuwa na hati, na kwa hiyo hakikuwa na mwenyewe wa kwenda mahakamani.

Tumefika mahali ambapo pengine baadhi ya wanachama watatuuliza: haya, na sisi?

Sisi tunayo milima yetu. Mtu atokaye Makambako kwenda Mbeya kwa barabara kuu huuona mkono wake wa kushoto ukuta wa Kipengere, na nyuma ya ukuta huo, kuelekea Ziwa Nyasa, iko safu ambayo wageni waliipa jina la Livingstone. Kilele cha Mtorwi, katika Kipengere, kina kama meta 2,960, sawasawa na Rungwe, tofauti yao haizidi meta chache. Hakuna kirefu kuliko hivyo viwili kusini ya nchi yetu. Lakini mwulize mtoto wa shule mjini Njombe akuonyeshe Mtorwi kwa kidole. Hawezi, na kosa si lake. Kibo imesimama peke yake juu ya tambarare isiyofika meta 1,000, kama mti mmoja shambani. Mtorwi unaota kutoka katika uwanda ambao wenyewe umekwisha kupita meta 2,500; ni mgongo miongoni mwa migongo, na mwenye kuutafuta aweza kuukanyaga bila kujua. Umaarufu wa mlima hautokani na urefu peke yake, hutokana pia na kitu kilichoko mbele yake, yaani utupu.

Na utupu ndio unaopungua kwetu. Wanaoikumbuka Makambako kabla ya reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, wanasimulia kituo kidogo njiapanda, mtu akisimama mlangoni huona nchi mpaka macho yachoke. Leo ni mji. Hatuwalaumu waliojenga, sisi wenyewe tumejenga, na baadhi yetu tumeuza viwanja. Tunachosema ni kwamba katika mkutano mkuu wa mwaka jana, lilipoletwa shauri la kuuza kile kipande cha mwinuko kilicho nyuma ya ghala letu, ambacho hakifai kwa ghala wala kwa kuanikia mahindi, hoja zilizotolewa zilikuwa za bei tu. Mnunuzi yupo, na bei yake ni nzuri, tunakiri; ingelipa nusu ya lori. Shauri liliahirishwa kwa kuwa muda ulikwisha, nalo litarudi katika mkutano ujao. Basi kabla ya kupiga kura, tungependa kila mjumbe apande pale siku moja asubuhi, katika mwezi wa Mei au Juni, baada ya mvua kusafisha hewa na kabla ya mioto ya nyasi kuanza, atazame magharibi. Asitazame kwa ajili yetu. Apige kura atakavyo.

Jambo moja zaidi la historia, nalo ni la huzuni kidogo. Ramani iliyochorwa mwaka 1912 ilionyesha barafu ya Kilimanjaro kuwa na eneo la kama kilometa za mraba 12. Kufikia mwaka 2011 zilikuwa zimebaki pungufu ya 2. Weupe ule ambao Rebmann aliambiwa kuwa ni baridi, na ambao Cooley alisema hauwezi kuwapo, unaelekea kumthibitisha Cooley kwa njia ambayo hakuitabiri. Wataalamu hutaja kupungua kwa theluji inayoanguka na kuongezeka kwa joto la dunia. Mzee wetu alisimama juu ya paa lile akakunja uso, akasema mwaka 1959 nyeupe ilikuwa imeshuka zaidi, upande huu wa kwetu, akaonyesha kwa mkono mpaka wapi. Hatukuwa na chombo cha kupimia. Tuliamini mkono wake, maana alikuwa ameutazama mlima ule miezi tisa, siku sita kwa juma.

Mwakani Chama kitatuma tena watu Moshi kwa mafunzo, makatibu wa vyama vya msingi wanne na wajumbe wawili wa bodi. Basi la kwanza huondoka Makambako usiku. Beba koti, maana kuna baridi mpaka Iringa, na Moshi utalivua. Ukifika, usiulize mahali mchana. Amka saa kumi na moja, tafuta ngazi, omba ruhusa kwa mlinzi kwa adabu, na uwe juu kabla ya saa kumi na mbili. Kama una mzee nyumbani aliyewahi kuwa manamba kaskazini, mwulize kabla hujaondoka alikuwa shamba gani, ili ukiwa juu ya paa utazame kwanza upande wa kusini, kule tambarare, ndipo ugeuke.